Kama Si Yeye, Basi Nani?



Leo nataka tumzungumzie wakili mmoja mashuhuri sana ambaye hajawahi kuzaliwa. Jina lake ni Perry Mason, wakili wa utetezi katika jiji la Los Angeles, Marekani. Alibuniwa na mwandishi Erle Stanley Gardner, ambaye naye alikuwa wakili, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1933. Vilifuata vingine mpaka vikapita 80. Kisha ikaja televisheni: kuanzia mwaka 1957 hadi 1966 mwigizaji Raymond Burr alikuwa Mason katika michezo 271. Mimi mwenyewe nimesoma vitabu kadhaa vya Mason, vile vyenye majalada yaliyochakaa vinavyotandazwa chini kando ya barabara za mjini, na nikikianza kimoja sikiweki chini mpaka nimjue muuaji.

Mpangilio wa hadithi hizi haubadiliki sana. Mtu anaingia ofisini kwa Mason akiwa na shida ambayo ameieleza nusu tu. Hazipiti siku nyingi, mtu anauawa, na kila kitu kinamwelekea mteja huyo: bastola ni yake, alikuwa na ugomvi na marehemu, na kuna aliyemwona akitoka mlangoni. Polisi wanamkamata. Mason anampigia simu mpelelezi wa kukodi, Paul Drake, naye anawatawanya vijana wake mjini usiku kucha. Mahakamani, mwendesha mashtaka Hamilton Burger anaelekea kushinda. Ndipo Mason anaposimama, anamhoji shahidi juu ya jambo dogo ambalo hakuna aliyelitilia maanani, na papo hapo muuaji wa kweli anavunjika moyo na kukiri mbele ya watu wote. Mteja anafunguliwa pingu, nasi tunalala usingizi mzuri.

Ni burudani safi, wala sina ugomvi nayo. Lakini kuna jambo moja ambalo hadithi hizi zimetuzoesha bila sisi kujua. Zimetuzoesha kuamini kwamba mtu haachiwi huru mpaka apatikane mwingine wa kukaa mahali pake. Hebu sikiliza mazungumzo ya watu kwenye kinyozi au ndani ya basi, siku ambayo mshtakiwa wa kesi ya mauaji ameachiwa na mahakama. Hutasikia wakiuliza ushahidi ulikuwaje. Utasikia swali moja tu: "Kama si yeye, basi nani?" Na kwa kuwa hakuna anayeweza kulijibu, watu hutikisa vichwa na kusema wakili kacheza na sheria, au jaji kala kitu.

Msikilizaji, swali hilo ni la haki kabisa kwa aliyefiwa. Mama aliyempoteza mwanawe ana kila sababu ya kutaka kujua ni nani aliyemuua. Kosa letu ni kumwuliza asiyestahili kuulizwa. Wa kuulizwa ni polisi na waendesha mashtaka, ambao wamepewa mamlaka, magari na mishahara kwa kazi hiyo. Mshtakiwa aliyefungiwa rumande atampata wapi muuaji? Hata dirisha la kuchungulia nje hana.

Sheria ililiona jambo hili zamani. Mwaka 1935, huko Uingereza, kijana wa miaka 21, mfanyakazi wa shambani aitwaye Reginald Woolmington, alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kumpiga risasi mkewe. Yeye alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji wa kwanza aliliambia juri, yaani lile jopo la raia wanaoamua hatia, kwamba ikishathibitika kuwa mtu huyu ameua, ni juu yake mwenyewe kuonyesha kuwa hakukusudia. Rufani ilipofika mbele ya majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo, walikataa. Walisema kuthibitisha hatia ni mzigo wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kuwa ni mwema. Ikibaki shaka ya maana, aachiwe. Kijana yule akaachiwa.

Mahakama za Kenya, Tanzania na Uganda zilirithi msingi huo kutoka kwa Waingereza, na katiba za nchi zote tatu zinasema mtu ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo, Mason angeweza kuketi kitini dakika ile tu shaka ilipoingia. Kumtafuta muuaji ilikuwa nyongeza ya kutufurahisha sisi wasomaji.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya, nikaonekana kusema kwamba wakili akae tu asubiri. La hasha. Shaka haishuki kutoka mbinguni. Lazima mtu atoke akaitafute. Nitakupa mfano wa kweli, ingawa si wa mauaji.

Mwaka 1961, katika mji wa Panama City, jimbo la Florida, mtu maskini aitwaye Clarence Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa kuchezea pool na kuiba. Aliomba apewe wakili kwa kuwa hana fedha. Akaambiwa sheria ya jimbo inampa wakili mtu asiye na uwezo pale tu anapokabiliwa na adhabu ya kifo. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani aliandika kwa penseli barua ya malalamiko kwa Mahakama Kuu Kabisa ya nchi, na mwaka 1963 mahakama hiyo ikaamua kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo ni lazima apewe wakili.

Kesi ikasikilizwa upya mwaka huohuo. Safari hii Gideon alikuwa na wakili, Fred Turner, ambaye alikwenda kuuona ule ukumbi kwa macho yake na kuongea na mashahidi kabla ya siku ya kesi. Dereva wa teksi alieleza kwamba asubuhi ile alimchukua Gideon, naye akamwomba asimwambie mtu yeyote kuwa amembeba. Maneno hayo yanasikika kama ya mwizi, sivyo? Turner akamwuliza dereva: je, amewahi kukwambia hivyo siku nyingine? Ndiyo, akajibu, husema hivyo kila mara, na nadhani ni kwa sababu ya matatizo yake na mkewe. Swali moja tu, na ushahidi mzito ukageuka mambo ya nyumbani. Turner alimtia mashaka na shahidi mkuu. Juri halikuchukua muda mrefu zaidi ya saa moja hivi. Gideon akaachiwa huru.

Angalia sasa, msikilizaji. Siku ile hakuna mtu aliyesimama mahakamani akaangua kilio na kusema, "Mwizi ni mimi." Swali la "kama si yeye, basi nani" halikujibiwa. Na haki ilitendeka.

Gardner mwenyewe aliijua tofauti hii. Alianza uwakili California mwaka 1911, na katika mji wa Oxnard aliwatetea Wachina na watu wa Meksiko waliokuwa hawana mtetezi. Mwaka 1948, akiwa ameshatajirika kwa ajili ya Mason, yeye na Harry Steeger, mchapishaji wa jarida la Argosy, waliunda kikundi walichokiita Mahakama ya Mwisho. Haikuwa mahakama ya serikali. Ilikuwa ni wapelelezi, madaktari na mabingwa wengine waliojitolea kupitia upya malalamiko ya watu waliodai wamefungwa bure. Walisoma majalada, wakawatafuta mashahidi, wakachunguza vielelezo. Yaani mtu aliyembuni Mason, alipokutana na wafungwa wa kweli, hakutegemea ufasaha wa mahakamani. Alitegemea miguu ya watu kama Paul Drake.

Kazi kama hiyo iliendelezwa tangu mwaka 1992 na mawakili wawili wa New York, Barry Scheck na Peter Neufeld, kwa kutumia vipimo vya vinasaba. Zaidi ya watu 200 nchini Marekani wamethibitika kwa vipimo hivyo kuwa walifungwa bila hatia. Wengi wao walifungwa kwa sababu shahidi mwema, asiye na nia mbaya, aliwanyooshea kidole akakosea. Mara nyingine kipimo kilimfichua mhalifu halisi. Mara nyingi hakikumfichua, na mfungwa bado alikuwa hana hatia.

Hapa kwetu Kenya ilipitisha sheria ya msaada wa kisheria mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Ni hatua nzuri. Ila wakili anayekutana na mteja wake asubuhi ya kesi, asiye na nauli ya kwenda kupaona mahali pa tukio wala kumtafuta shahidi aliyehama, ni nusu ya wakili. Waungwana husema mnyonge hana haki. Mimi nasema haki anayo. Alichokosa ni mtu wa kwenda kuigongea mlango.

Nasi tusio mawakili tuna sehemu yetu, maana mahakama ya kwanza ya mtuhumiwa huwa ni mtaani kwake. Siku moja utakuta watu wamemzingira kijana, mmoja ana jiwe, mwingine ana tairi, na kesi yote imekwisha katika dakika tano. Ukijaribu kusema neno, mtu atakugeukia kwa hasira akuulize: "Kama si yeye, basi nani?"

Mjibu kwa utulivu: "Sijui. Na kutojua kwangu si ushahidi juu yake. Tumpeleke kituoni."

Hadi juma lijalo, msikilizaji, nakutakia heri. Kwaheri.