Mbele ya kununua "kupe": gari la fahari na barabara zetu

(Maneno ya mwanachama wetu, fundi wa magari, kwenye mkutano wa wanachama, Kasongo. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.)



Nimeombwa niseme juu ya zile gari za milango miwili ambazo vijana wanazipenda. Wafaransa wanaziita coupé. Sisi tukisikia kupe tunamfikiria yule mdudu wa kwenye mbuzi, na kusema kweli jina halikukosea sana. Lakini sikuja kuchekesha. Komite iko na barua mbili. Mwanachama mmoja wa Lubumbashi anaomba mkopo anunue Mercedes CLK ya okazyo. Ndugu mwingine, wa Ulaya, anataka kututumia BMW yake ya milango miwili iwe inapeleka wagonjwa hospitali. Na sanduku letu ndilo linalotoa pesa ya uzazi, ya matanga na ya minervali ya watoto. Basi tusikilizane.

Kinachodanganya watu ni bei. Gari hizi zikiwa mpya ni za matajiri. Zikifika miaka 15 au 20, bei inaanguka mpaka mtu wa kawaida anaifikia. Lakini bei ya piyesi haianguki nayo. Radiateri, amortiseri, pompa, vyote vinabaki vya gari la tajiri, na hapa kwetu havipo. Utaagiza Dubai, utangoje, na gari litangoja pamoja nawe.

Ile BMW ya Serie 3, ya kati ya 1999 na 2006, naijua vizuri. Ugonjwa wake mkubwa ni maji ya kupozea moteri. Chombo cha maji ni cha plastiki, na vichwa vya radiateri pia. Plastiki ikipikwa miaka mingi inakuwa kama ganda la yai: siku moja inapasuka, maji yanakwisha, moteri inachemka, kulasi inapinda. Shoferi akisema "tufike kwanza kijijini", moteri imekufa. Ukienda kuangalia gari la namna hiyo, lifungue likiwa baridi. Tafuta alama nyeupe za maji yaliyokauka. Angalia chini ya kifuniko cha mafuta, kama kuna uji wa rangi ya maziwa. Muuzaji akikupokea na moteri imekwisha kuwashwa, rudi kesho yake asubuhi bila kumwambia. Halafu ingia chini, nyuma, pale vyuma vya magurudumu vinaposhikana na sakafu. Kwenye gari hizo bati linapasuka pale, na kulichomelea vizuri si kazi ya nusu siku.

CLK ni gari tamu. Lakini zile za V6 zilizotoka 2005 na 2006 hivi, nyingine ziko na meno laini ndani ya moteri, kwenye chuma cha kusawazisha. Meno yakiisha, taa ya moteri inawaka, na kutengeneza ni kutoa moteri yote. Kwa hiyo taa ile muiangalie mara mbili: ukifungua ufunguo lazima iwake, moteri ikinguruma izime. Kama haiwaki kabisa, mtu ameitoa. Petroli za Ulaya tangu 2001 ziko na tundu la kuchomeka mashini inayosoma makosa. Kwa kazi hiyo ya taa, hata mashini ndogo inasaidia. Ulizeni pia funguo ni ngapi. Funguo hizo ziko na elektroniki ndani. Ukipoteza ule mmoja, hakuna fundi wa sokoni wa kukuchongea mwingine.

Vioo navyo. Mlango wa kupe ni mrefu, mzito, na kioo mara nyingi hakina fremu. Ukifungua, kioo kinashuka kidogo chenyewe, ukifunga kinapanda. Batiri ikichoka au kamba ya ndani ikikatika, kinabaki chini, na mvua yetu mnaijua. Maji yakiingia chini ya kapeti yanakuta nyaya.

Sasa barabara. Mpira wa 225/45 uko na ukuta wa sentimita 10 tu. Ule wa Land Cruiser wa kazi unakaribia mara mbili yake. Kati ya hapa na Kabambare, shimo moja linapasua mpira na kukunja rimu. Chini kuna karteri ya aluminiamu, jiwe likiigonga mafuta yanamwagika. Kuanzia Septemba mpaka Mei, gari la chini hivyo linapita kwa kusukumwa. Petroli ya bidoni ya kadhafi, yenye maji na uchafu, inamaliza kazi iliyobaki.

Ndugu wa Lubumbashi yuko na lami, hali yake si hii yetu. Anunue kwa pesa yake. Mimi naona mkopo wa sanduku usiende pale, na mnaokataa mseme, tuko hapa.

Kuhusu zawadi, ndugu wa Ulaya asikasirike. Moyo wake tumeuona. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa mtamkunja namna gani apite nyuma ya kiti cha mbele? Tena kuna meli mpaka Dar es Salaam, njia mpaka Kigoma, ziwa, halafu DGDA mpakani. Gari litafika limekula zaidi ya bei yake. Aiuze hukohuko, atutumie pesa. Hapa wagonjwa wanasafiri kwa pikipiki, na pikipiki piyesi zake ziko sokoni. Pikipiki mbili ngumu, moja hapa na moja Kabambare, na kila moja iwe na akiba yake ya mipira, cheni na mafuta, iliyoandikwa kwenye daftari la komite.

Na yule wa Lubumbashi, kama yuko tayari, anitumie namba ya chasi na picha za chini ya gari mbele hajatoa hata dola moja ya arabuni. Kuangalia hakulipishwi.