Kamera na Zamu ya Askari

Kila mwisho wa juma magari hutoka Bujumbura yakichukua wageni na wananchi wenye kamera. Wengine hushika njia ya kusini hadi Mugere, kilometa zisizofika 15, kupiga picha jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliolala hapo siku mbili kuanzia Novemba 25, 1871. Wengine huelekea Gatumba, penye delta ya mto Rusizi, kutafuta viboko.

Njia hiyo ya pili ndiyo inayotaka busara, kwani makao ya viboko hayako mbali na mpaka wa Kongo. Kizuizi cha barabarani na askari aliye zamu si mandhari, na mgeni aambiwe hivyo mapema, kwa adabu, kabla hajafungua kamera. Lakini kumnyang'anya mtu kamera kwa sababu ya picha ya ziwa si ulinzi, ni uonevu.

Hatari ya kweli huko Rusizi huja jioni, viboko watokapo majini kwenda malishoni. Mpiga picha, jicho limeganda kwenye kamera, huwatazama walio mbele yake tu. Huyo ndiye wa kuitwa arudi garini, hata akinung'unika.