MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI: NJIA MOJA HAITOSHI



Utafiti wa uendeshaji ni elimu ya kuzipima kazi za taasisi kwa uchunguzi na hesabu, ili maamuzi yasiwe ya kubahatisha. Elimu hiyo ilipata jina lake Uingereza, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 mwanafizikia Patrick Blackett aliunda kikundi cha kusaidia vikosi vya mizinga ya kutungulia ndege. Humo hawakuwamo wanahesabu peke yao; walikuwamo pia wataalamu wa mwili wa binadamu, mtaalamu wa falaki, mpima ardhi na afisa wa jeshi.

Mwaka 1941 E. J. Williams alizichambua taarifa za marubani walioshambulia nyambizi za Ujerumani. Mabomu yalikuwa yakitegwa yalipuke futi 100 chini ya maji, ilhali nyambizi zilizoweza kulengwa barabara zilikuwa bado karibu na uso wa bahari. Kina kilipunguzwa, hatimaye hadi futi 25, na mashambulizi yakafanikiwa zaidi.

Vitani, hata hivyo, lengo lilikuwa moja. Katika ofisi za wakati wa amani watu huhitilafiana hata juu ya tatizo lenyewe. Ndiyo sababu Peter Checkland wa Chuo Kikuu cha Lancaster, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alieleza njia ya kuwakutanisha wahusika, kuichora hali ilivyo na kulinganisha mitazamo yao kabla ya kutenda. Mwaka 1997 John Mingers na Anthony Gill walihariri kitabu kinachohimiza kuziunganisha njia mbalimbali katika kazi moja.

Ichukuliwe mithali ya foleni ya dawa hospitalini. Hesabu za foleni zimekuwapo tangu mwaka 1909, alipoziasisi A. K. Erlang wa Denmark kwa ajili ya simu. Hesabu hizo huenda zikaonyesha kuwa liongezwe dirisha la pili. Lakini mtoa dawa ataeleza kuwa vyeti havisomeki. Karani, kuwa daftari ni moja. Na mgonjwa, kuwa haambiwi dawa imekwisha mpaka afike dirishani. Aliyetoka shamba tangu alfajiri hatafaidika na dirisha jipya ikiwa jawabu atakalopewa ni kwamba dawa hakuna.

Kwa hiyo, wahusika wote wasikilizwe kwanza. Kisha ipimwe idadi ya watu na muda wanaosubiri. Kisha mabadiliko yajaribiwe kwa siku chache. Ndipo fedha za umma zitumike. Hesabu bila ya kusikiliza huweza kujibu suali lisilokuwapo, na kusikiliza bila ya hesabu huishia katika vikao.

Wakuu wa Idara wanahimizwa kuuzingatia utaratibu huo. Kidole kimoja hakivunji chawa.