Siku Chache na Kazi ya Mikono: Ufupi wa Maisha na Dhambi ya Uvivu, Tukitazama Kutoka Ngungu



Mada niliyopewa leo inahubiriwa kila wiki katika makanisa ya Kivu: maisha ni mafupi, basi tusikae bure. Sina ugomvi na mahubiri hayo. Ugomvi wangu ni juu ya mtu anayelengwa nayo. Naamini tumekuwa tukimkemea aliyenyang'anywa kazi, huku anayekula jasho la wenzake akipewa kiti cha mbele. Nitaipima hoja hii kwa kutazama Ngungu na milima inayoizunguka.

1. Hesabu ya siku

Ngungu iko kusini mwa Masisi, mashariki mwa Kongo, jirani na Kalehe. Milima yake inazaa maharagwe, viazi na mahindi, na ng'ombe hawakosi malisho. Lakini tangu Machi 1993, mauaji yalipoanzia kwenye soko la Ntoto huko Walikale na kusambaa Masisi, kizazi kizima kimekua kikijua kwamba anayepanda huenda si yeye atakayevuna. Watu wamekimbilia Sake, Minova na Goma, wakarudi, wakakimbia tena. Mtu wa namna hiyo hahitaji mhubiri wa kumweleza kwamba maisha ni mafupi.

Kwenye matanga tunapenda kusoma Zaburi ya 90, ile inayoitwa sala ya Musa. Inataja miaka 70, au 80 kwa mwenye nguvu. Katika Kongo yetu wastani wa umri wa kuishi ni karibu miaka 60. Tunasoma kuhusu majani yanayonyauka jioni, tunafika mahali pa kuomba tufundishwe kuhesabu siku, kisha tunafunga Biblia. Tumeishia njiani. Zaburi hiyo inafika mwisho ikimwomba Mungu aithibitishe kazi ya mikono yetu, na ombi hilo inalitaja mara mbili. Musa haombi miaka zaidi ya hiyo. Anaomba kwamba kile ambacho binadamu amekifanya katika siku zake chache kisipotee pamoja naye.

Hapo ndipo penye uhusiano wa ufupi wa maisha na kazi. Uvivu ni dhambi kwa sababu unapoteza kitu ambacho tumepewa kwa kipimo kidogo.

2. Waliosimama sokoni

Sasa tumtafute mvivu. Wengi watanyoosha kidole kwenye kambi ya wakimbizi, kwa kijana anayeshinda ameketi mbele ya hema. Kabla ya kumhukumu, tusome Mathayo 20. Mwenye shamba anatoka saa ya kumi na moja na kuwakuta watu sokoni. Anawauliza mbona wamesimama pale mchana kutwa bila kazi. Wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Bwana yule habishani nao, wala hawatolei methali za kuhimiza bidii. Anawapeleka shambani, na jioni anawalipa ujira wa siku nzima.

Mkimbizi wa Ngungu yumo katika jibu lile. Shamba lake lipo, lakini bunduki zimekaa katikati. Jembe aliliacha usiku alipokimbia. Kumwita mvivu ni kumwibia mara ya pili. Tena wengi wao hawakai kweli: wanawake wanabeba mizigo kwa malipo ya chakula cha siku, vijana wanasukuma chukudu, yale magari ya mbao ya kubebea mizigo, na wenye senti kidogo wanacheza likelemba, yaani kuchangishana kwa zamu, ili mmoja wao apate mtaji.

3. Mvivu ni nani?

Historia inatufundisha kuwa waangalifu na shutuma hii. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyataka, ikidai kwamba bila kulazimishwa hawatafanya kazi. Chini ya Mobutu ikaja salongo, kazi ya pamoja iliyosifiwa kama uzalendo na kutekelezwa kwa amri. Katika miaka ya karibuni, wenye silaha katika Masisi wametumia jina hilohilo kuwatumikisha raia bila malipo. Mara tatu, asiyeshika jembe ndiye aliyemhubiria mkulima juu ya bidii.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Angalieni: asiyetaka, si asiyepata. Yeye mwenyewe alijilisha kwa kushona mahema ili asimlemee mtu. Tulichukue neno hilo tupande nalo barabara zetu. Mwaka 2017, watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Wanaovisimamia wana sare na majina mbalimbali, wa serikali na wasio wa serikali. Wanafanana kwa jambo moja: mama mwenye gunia la maharagwe analipa kwa mtu ambaye hakupanda hata punje. Huko Rubaya, si mbali na Ngungu, waasi wa M23 waliuteka mji Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba ushuru wa koltani ulikuwa ukiwaingizia walau dola 800,000 kwa mwezi. Mchimbaji anayeingia shimoni anahatarisha siku zake chache. Anayekusanya ushuru anazila. Huo ndio uvivu ambao Maandiko yanauogopa.

Lakini tusidhani kwamba uvivu uko kwa wenye silaha tu. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini walichoka kwa kazi huku wanaume wengi wakipumzika nusu ya maisha yao. Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya Tanzania, ila mwanamume wa kwetu anayekaa kwenye pombe ya kasiksi tangu asubuhi, mkewe akiwa na kuni mgongoni, anayaelewa bila mkalimani. Wapo pia waumini wanaoacha shamba salama na watoto wao ili kungoja muujiza katika chumba cha maombi. Sala haikuwekwa ili ichukue nafasi ya jembe.

4. Ushuhuda wa Mokoto

Mwaka 1954 watawa wa Kitrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri huko Mokoto, Masisi. Waliishi kwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, inayohesabu kukaa bure kuwa adui wa roho na kuigawa siku kati ya sala, usomaji na kazi ya mikono. Walifuga, wakalima. Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia pale walishambuliwa na wengi wakauawa. Kazi nzuri haimkingi mtu na kifo, na Kanisa halina haki ya kuahidi hivyo. Lakini ufugaji unaendelea katika milima ya Masisi, na jibini la huko linauzwa hadi Goma. Ombi la mwisho la Zaburi ya 90 halikuwa ndoto.

5. Wito

Wachungaji na mapadri, kabla ya kumkemea asiye na kazi, mtafutieni kipande cha ardhi ya Kanisa, mbegu na jembe. Viongozi wenye silaha waambieni waziwazi, hata wanapotoa sadaka kubwa, kwamba wanakula mkate wa wengine. Wanafunzi, ninyi mmepewa kile ambacho wenzenu wa Ngungu wamenyimwa: dawati, kitabu na usiku wa kulala bila milio ya risasi. Msiupoteze muda huo. Jifunzeni ualimu, udaktari, sheria na kilimo kama watu wenye deni, kisha rudini mkawalipe waliosimama sokoni hadi saa ya kumi na moja.