Kisanduku Kitupu Si Sifuri: Kujumlisha Kilo za Kahawa katika Ripoti za AMCOS, Bukoba na Muleba

Mada hii inawahusu makarani na wahasibu wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) wanaohama kutoka Ekseli kwenda kwenye hifadhidata. Huku kwetu robusta ndiyo nyingi na arabika ni chache. Kuna mkulima anayeleta aina moja tu, na kuna anayeleta zote mbili. Kwa hiyo visanduku vitupu havikosekani kwenye rejesta ya mizani, wala si kosa la karani. Tatizo huzuka ripoti inapojumlisha.

Tuseme wanachama watatu wameleta kahawa ya maganda. Wa kwanza ana robusta kilo 240, upande wa arabika hakuna kitu. Wa pili ana robusta 180 na arabika 35. Wa tatu ana arabika 60 tu. Ukijumlisha robusta na arabika za kila mkulima, Ekseli hukichukua kisanduku kitupu kama sifuri. SQL haifanyi hivyo. Kwake pengo ni NULL, yaani thamani isiyojulikana, na 240 ukiijumlisha na kisichojulikana, jibu nalo halijulikani. Wa kwanza na wa tatu wanabaki bila jumla. Chini ya safu za robusta na arabika, SUM huziruka NULL na kutoa 420 na 95, yaani 515. Chini ya safu ya jumla inatoa 215. Kilo 300 za wakulima wawili hazionekani kwenye ripoti inayokwenda chama kikuu, KCU, ilhali magunia yako ghalani.

Dawa ni COALESCE, inayoweka thamani uliyoitaja pale penye NULL, lakini angalia unapoiweka. COALESCE(robusta, 0) + COALESCE(arabika, 0) inaleta 515 kote. Ukiandika COALESCE(robusta + arabika, 0), mkulima wa kwanza anaandikiwa sifuri. Hilo ni baya kuliko pengo, kwa sababu pengo humfanya mhasibu aulize, sifuri humpita tu.

Msijaze sifuri kwenye unyevu. Kipimo cha kwanza kikiwa asilimia 12, cha pili 13, cha tatu hakikuchukuliwa, AVG inatoa 12.5, nayo ni sahihi kwa mizigo iliyopimwa. Jaza sifuri, wastani unashuka hadi 8.3. Kahawa yenye unyevu wa asilimia 0 haipo Kamachumu wala kwingineko. Ripoti iandike wastani, na kando yake: "imepimwa 2 kati ya 3". COUNT(unyevu) na COUNT(*) zinatosha kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana napinga desturi ya kuweka sifuri kama thamani ya awali kwa kila safu. Inamjibia karani kabla hajaulizwa.

Limebaki suala la AMCOS ambayo haijaleta takwimu kabisa. SUM isiyo na mstari hata mmoja hutoa NULL, si sifuri. Iacheni hivyo, na ripoti ichapishe "haijawasilisha", ili ofisi ya Muleba au Bukoba ijue inampigia simu nani.