Mtego wa Nzi wa Kujitengenezea Nyumbani

Leo nataka kusema nanyi habari za adui mdogo ambaye hula nasi sahani moja, wala hapana aliyemwalika. Adui huyo ni nzi.

Wenyeji wa Ndundu, Ikwiriri, Kibiti na delta ya Rufiji wamjua sana. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini walikuwa wakingoja kivuko hapo Ndundu; na penye wasafiri pana chakula, na penye chakula nzi hakosi. Sasa magari hupita darajani bila kungoja, lakini nzi hakuondoka. Samaki wapo, kamba wapo, na msimu wa maembe ukifika maganda hutupwa kila mahali.

Ubaya wa nzi si kuudhi tu. Hutua chooni, kisha hutua juu ya wali. Kwa kuwa hana meno ya kutafuna, hutema mate juu ya chakula kiyeyuke, ndipo akinyonye. Hivyo hutuletea maradhi ya kuhara, na akitua machoni pa watoto huweza kueneza trakoma, maradhi yapofushayo. Katika vijiji vya nchi ya Gambia, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba nzi walipopunguzwa kwa dawa, trakoma mpya ilipungua sana, na kuhara kwa watoto kulipungua pia.

Nzi jike hutaga mayai 100 au zaidi kwa mara moja, katika samadi, kinyesi au taka zinazooza. Kwa joto la pwani yai huanguliwa kwa muda wa siku moja. Funza hula akashiba, kisha hujifunga ndani ya ganda la hudhurungi, mfano wa punje ya mpunga. Siku kama 10 tangu kutagwa, nzi kamili huruka. Shikeni hesabu hiyo, maana tutaihitaji.

Sasa tutengeneze mtego. Twaa chupa kubwa ya maji ya plastiki, uondoe kifuniko. Ikate kwa kisu palipo chini kidogo ya mabega yake. Kipande cha juu kigeuze, shingo iangalie chini, ukitumbukize ndani ya kile cha chini kama mrija wa kumiminia mafuta. Toboa matundu mawili ukingoni, ufunge kwa uzi.

Chambo ni matumbo ya samaki, vichwa vya kamba au embe lililoiva mno, pamoja na maji kidogo. Angalia shingo isiguse chambo; acha nafasi ya vidole viwili. Baada ya siku moja au mbili harufu itatoka, na nzi wataingia. Mbona hawatoki? Kwa sababu nzi akitaka kuondoka huruka juu penye mwanga, akapapasa kuta za chupa. Hajui kushuka katikati autafute mlango aliouingilia.

Usiutundike mtego jikoni wala mlangoni, maana harufu ile huita nzi walio mbali. Utundike mbali na nyumba, karibu na jaa au banda la mifugo, mahali penye mwanga, watoto wasipofikia.

Kila siku ya 5 umwagie maji ya moto, kisha uyazike yote yaliyomo katika shimo refu. Hapa ndipo hesabu yetu inapofaa: nzi hutaga hata juu ya chambo, na mtego ukisahauliwa siku 10 huwa kiwanda cha nzi wapya. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Huenda mmoja wenu atasema, “Nzi ni wengi, chupa moja itafaa nini?” Asemalo ni kweli. Mtego hupunguza walioruka. Wasiozaliwa bado huzuiwa kwa kufunika tundu la choo, kufukia taka na kuondoa samadi kila juma. Fanyeni yote mawili pamoja. Nanyi wanafunzi, pimeni kwa kikombe nzi waliokufa kila mnapomwaga, mkaandike daftarini. Kipimo kikipungua mwezi hata mwezi, mtajua kwamba kazi ya mikono yenu si bure.