Mlango wa Mbali Unahitaji Ufunguo
(Mada ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata)



Masika yanaponyesha, barabara zetu za milimani, kuanzia Matombo hadi Kolero, hupitika kwa taabu. Kompyuta ya kituo cha afya ikigoma siku hiyo, fundi aliyeko Mvuha hatafika mapema, na mgonjwa hubaki benchi akisubiri. Ndiyo faida ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali: fundi hukiona kioo chake na kurekebisha hitilafu kana kwamba ameketi pale pale mezani.

Mlango huo una manufaa, lakini hauchagui apitaye. Ndani mna jina lako, ugonjwa wako na malipo yako. Katika kompyuta za Windows, huduma hii hutumia namba inayojulikana duniani kote, 3389. Ikiachwa wazi kwenye intaneti, wahalifu hubisha hodi usiku na mchana wakibahatisha nywila.

Ulinzi wake una ngazi nne. Kwanza, mlango usikae barabarani: fundi apitie njia iliyofichwa kwa msimbo inayomwingiza katika mtandao wa ndani. Pili, kila fundi awe na akaunti yake, na nywila ithibitishwe kwa namba ya siri inayofika kwenye simu yake. Tatu, afungue kompyuta anayoihudumia tu, kwa muda uliokubaliwa, mhudumu wa kituo akijua. Nne, mfumo uandike nani aliingia na saa ngapi. Anayeacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa zako azilinde.

Nanyi mna sehemu yenu. Mtu akikupigia simu, akadai ni fundi wa Halmashauri na kukutaka uweke programu itakayomwonesha kioo cha simu yako, kata simu, kisha tuma namba yake kwenda 15040. Ukiwa na shaka, muulize mtendaji wako wa kijiji ana kwa ana.

Nyumba hii ni yenu. Mna haki ya kujua nani ameshika ufunguo.